Maoni ya Mtani

1

Mama mdogo Leokardia hakujibu salamu yangu. Alinishika mkono pale mlangoni, akanipitisha mbele ya foleni nzima ya wateja kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku, akanisimamisha chini ya ubao wa alama.

"Soma hapo, Gaudensia."

Nilisoma. Kila biashara mjini Iringa ilikuwa na ubao kama ule juu ya mlango, na wa bucha lake ulikuwa umetulia kwenye nne na nusu tangu nikiwa sekondari. Sasa ulisema tatu nukta moja.

"Na Ijumaa maoni ya zamani yanapunguziwa uzito," akasema. "Tutakuwa chini ya tatu. Unajua maana yake."

Kama kuna mtu mjini aliyejua maana yake, ni mimi. Mji ulikuwa umechoka kugawa umeme kwa kuangalia nani anamfahamu nani, ukaamua kuugawa kwa kuangalia wateja wanasemaje. Ukiwa juu ya tatu unapata umeme wako wote. Ukishuka chini unakatiwa nusu, dakika hiyo hiyo, na hakuna wa kumpigia simu. Saluni inaweza kuvumilia, watu watanyolewa kwa mkasi. Fundi cherehani atakanyaga kwa mguu. Bucha la nyama ya kuotesha halina cha kukanyaga. Nyuma ya ukuta wa vigae yalisimama matangi sita marefu kuliko mtu, na ndani ya kila tangi nyama ya ng'ombe ilikuwa inajikuza kwenye uji wa vuguvugu, ikilishwa na kugeuzwa mchana na usiku. Tangi likipoa, nyama changa inakufa, na mbegu inayoizaa inakufa nayo. Mbegu ya mama mdogo ilitoka kwa dume moja la babu yangu, ambalo mimi sikulijua ila kwa kulila. Hakukuwa na nyingine.

"Nani kakufanyia hivi?"

Akanipa simu yake. Kumbe ni maoni ya mtu mmoja tu, na yalikuwa mafupi: "Wahehe, jamani! Nyama hii nimempa mbwa, akainusa akaondoka zake. Mmefika mahali hata mbwa hamjui tena anataka nini? Nyota moja, na hiyo ni ya mfuko."

Nilicheka hadi mama mmoja aliyekuwa anapimiwa steki akageuka.

"Mama mdogo! Huyu ni Mngoni!"

"Ni Otmari Ngonyani. Yule wa mpira redioni."

"Basi ni utani. Mngoni kumtania Mhehe kwamba anakula mbwa, tangu lini ikawa kesi?"

"Mashine ya Mizani haijui utani," akasema, huku akifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. "Imempa uzito wote. Nenda ukaongee naye abadilishe."

Hapo nikajisikia niko nyumbani kabisa. Mimi ni msawazishaji wa maoni, mwenye leseni, na bila kujisifu sana, hakuna anayenifikia kuanzia Makambako mpaka Mikumi. Zamani kazi hii haikuwepo. Mwenye hoteli alimpa mteja soda ya bure, mteja akaongeza nyota, yakaisha. Kisha zikaja bangili za Mizani. Kila mtu anayo, ndiyo kitambulisho chake na ndiyo pochi yake, na unapotoa maoni inakusikiliza mwilini: mapigo ya moyo, jasho, pumzi, koo linavyobana. Ukisema usichokiamini inawaka nyekundu, na maneno yako hayaendi popote. Ukisema unachokiamini inawaka kijani, na kadiri unavyokiamini ndivyo maoni yako yanavyopewa uzito. Mtu mmoja aliyesema kwa moyo wote anaweza kuwazidi mia waliosema ili mradi. Na mwenye uwezo wa kuyabadilisha maoni ni yule yule aliyeyatoa, mbele ya bangili ile ile. Kwa hiyo soda haisaidii tena. Inabidi ubadilishe moyo wa mtu, na huo ndio ufundi wangu. Nimewahi kukaa na bibi harusi ambaye keki yake ilimwangukia askofu, na kabla chai haijapoa alikuwa anamsifu mwokaji.

Huyu wa leo hakuwa hata kesi. Mizani iliundwa na watu wasiojua kwamba sisi tuna jirani aliyeruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukinuna, mwenye aibu ni wewe. Mngoni anapomtania Mhehe anafanya hivyo kwa moyo wote. Mashine iliusikia huo moyo ikadhani ni hasira. Kichwani nilikuwa nimeshapanga hata sentensi atakayoisema.

"Nifungie kilo mbili za steki nzuri," nikamwambia mama mdogo. "Mtani haendewi mikono mitupu."

Alisita. "Mpelekee sukari."

"Sukari? Kwa maoni ya nyama?"

Akaifunga ile nyama mwenyewe, polepole. Nikadhani ni ubahili, nikamsamehe.

2

Mzee Otmari Ngonyani alikuwa ametangaza mpira kwa muda mrefu kiasi kwamba hata akikukaribisha chai unasubiri kelele za mashabiki. Nilimkuta barazani kwake Kihesa, amejinyoosha kwenye kiti cha kamba, mbwa mkubwa wa rangi ya tope amelala miguuni pake.

"Hodi hapa kwa wala panya!" nikaita kutoka getini.

"Nani huyo?" Sauti ilinifikia kabla macho yake hayajanipata. "Mhehe? Subiri kwanza nimfungie mbwa wangu ndani, asije akaishia chunguni!"

"Mfungie na paka, maskini, namwona amekonda. Panya wote umewamaliza wewe."

Alicheka akashika mbavu. Mbwa akainua kichwa, akaona ni mambo ya watu wazima, akalala tena.

"Kamwene, mtani," akasema akijifuta machozi.

"Kamwene. Habari za hapa?"

"Zilikuwa nzuri mpaka ulipoingia. Mtoto wa nani wewe, mwenye mdomo namna hii?"

"Wa dada yake Leokardia, mwenye bucha. Naitwa Gaudensia."

"Aaa." Kicheko kikapungua. "Leokardia. Kaa, mwanangu. Nilidhani angekuja mwenyewe."

Nikaketi, nikamwekea ule mfuko mezani, nikaanza kazi. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote, kwa heshima na bila haraka: kwamba mashine ya watu imeshindwa kutofautisha utani na lawama, kwamba ubao umeshuka mpaka tatu nukta moja, kwamba Ijumaa matangi matatu yatapoa. Alinisikiliza akiwa ameinama. Nilitegemea aseme, ah, hawa wajinga wa mashine, lete tubadilishe. Badala yake uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Kwa maneno yangu yale?" akauliza. "Yale machache?"

"Yamepewa uzito wote, mzee. Mashine imedhani umeyamaanisha."

"Nilitaka asikie yeye. Sikutaka usikie mji mzima."

"Asikie nini?"

Alifungua mfuko, akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata kipande cha ile steki yangu nzuri, akapiga mluzi.

"Refa!"

Mbwa akaamka. Akaja mpaka kwenye mkono wa mzee, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akamtazama bwana wake, akanitazama mimi, akarudi alikotoka akalala na pua ameificha kwenye miguu ya mbele. Mzee akachukua kipande cha ugali baridi kwenye sahani yake ya mchana, akakirusha. Refa alikidaka kabla hakijagusa sakafu.

"Mara ya kwanza nilidhani anaumwa," mzee Otmari akasema. "Nikamnunulia nyama kwingine, akaila na karatasi yake. Nikarudia ya Leokardia, hivyo hivyo. Mtani, mimi sikutunga kitu. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kusema ninachokiona uwanjani, na hicho ndicho nilichokiona."

"Mbwa wana vituko," nikasema.

"Wanavyo."

"Pengine ni mfuko."

"Pengine."

Nikaichukua ile nyama nikainusa mwenyewe. Ilinukia nyama. Nikainusa tena, na safari hii nilikuwa najua ninatafuta nini, na nilijua pia kwamba pua yangu haiwezi kukipata.

Nyama ya kuotesha haikui kwa hiari. Kwenye uji wake hutiwa kichocheo, ambacho kazi yake ni kuiamuru kila chembe igawanyike, na ikishagawanyika igawanyike tena. Nyama ikitimia, uji unamwagwa, maji safi yanaingizwa, na nyama inaachwa kwenye tangi siku nzima ipumzike mpaka kichocheo chote kitoke. Siku hiyo huwezi kuifupisha kwa ujanja wowote. Mtu hawezi kuonja tofauti. Mnyama anainusa, na hataki. Mtu mzima akila nyama isiyopumzika pengine hatapata kitu, lakini mtoto ambaye mwili wake bado unajijenga anapokea ile amri kana kwamba ni yake, na mwili wake unaanza kukua pale usipotakiwa kukua. Haya tulifundishwa wote tuliokulia buchani, na aliyetufundisha ni mama mdogo. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anapeleka nyama shule za msingi za mji mzima.

Nikairudisha ile nyama kwenye mfuko.

"Kwa nini hukwenda kwa wakaguzi, mzee?"

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Nimshtaki mtani wangu? Mama yangu alipofariki, Leokardia aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba marehemu mwenyewe alimwahidi. Tulikuwa tunalia pale, watu wazima, tukaanza kucheka. Huyo ndiye nikamshtaki? Halafu siku yangu ikifika nizikwe na nani, na wakaguzi?" Sauti yake sasa haikuwa na redio hata kidogo. "Mtani ukiona kosa lake unamcheka. Naye anacheka, anakutukana, anakwenda kwake anarekebisha kimyakimya. Hakuna aliyeaibika. Nilijua Leokardia atanielewa."

Mashine niliyoicheka ilikuwa imemsikia vizuri kuliko mimi. Niliona neno mbwa, nikaona Mngoni, nikafunga jalada. Mgeni kutoka nchi nyingine, asiyejua utani ni nini, angeyasoma maneno yale na kuuliza tu: kwani huyo mbwa alikataa kweli?

"Lakini matangi yake yasife kwa ajili ya mdomo wangu," mzee akasema. Akaweka mkono wenye bangili mezani. "Leta hiyo simu. Nitasema ulikuwa utani."

"Bangili itakataa."

"Itakataaje? Si ulikuwa utani kweli?"

Kweli ulikuwa utani. Aliusema kama utani, kwa mtu ambaye ni mtani wake, kwa moyo wa mtani. Angesema hivyo bangili ingewaka kijani kibichi, ile nyota moja ingefutika, ubao ungerudi kwenye nne na nusu kabla sijafika sokoni. Hakuna ambaye angekuwa amedanganya. Si yeye, si mimi. Leseni yangu ingebaki safi, mama mdogo angenipikia pilau, na kesho yake watoto wangepanga foleni na sahani zao.

Nitasema wazi kwamba nilitaka. Nilitaka sana. Mama mdogo ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipokwenda kufanya kazi ng'ambo, ndiye aliyekaa nami hospitali nilipovunjika mguu, na kila nilichonacho mwilini kimetokana na yale matangi. Niliitoa simu. Nikaibonyeza. Nikaiweka mbele ya mzee kwa mkono wangu mwenyewe.

Akakohoa kusafisha koo. "Mimi, Otmari Ngonyani..."

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Acha, mzee."

"Ijumaa ni keshokutwa, mwanangu."

"Najua. Usiseme kitu. Akija mtu mwingine kukuomba, nakuomba mimi kwanza, usiseme."

Akaitikia kwa kichwa. Nilipofika getini aliniita. Nilidhani atanitania, na ningeshukuru.

"Mwambie mtani wangu nimemsalimu," akasema.

3

Nilifika buchani wateja wamekwisha. Mama mdogo alikuwa nyuma, amevaa aproni ya plastiki na kitambaa cheupe kichwani, anakagua vipimo vya joto kama alivyofanya kila jioni ya maisha yangu. Matangi yalikuwa yananguruma, matatu upande wa laini ya umeme ya kushoto, matatu kulia. Nilipokuwa mdogo nililala usingizi kwa kelele ile.

"Amebadilisha?" akauliza bila kugeuka.

"Siku ya kupumzisha nyama imekwenda wapi, mama mdogo?"

Hakujifanya hajanisikia, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alisoma kipimo mpaka mwisho, akavuta kreti tupu, akakaa.

"Shule ziliongezeka," akasema. "Matangi hayakuongezeka."

"Ungezikatalia."

"Ningezikatalia, wangepewa wale wanaootesha bila hata kuosha. Mimi naosha. Naiosha vizuri, Gaudensia. Ni ile siku tu ya kuiacha ikae."

"Ulijua mzee Otmari alikuwa anakuambia nini."

"Nimetaniana na Otmari tangu hujazaliwa. Nilijua kabla sijamaliza kusoma."

Nilikuwa nimeomba Mungu njia nzima asiseme hivyo. Ningeweza kumvumilia akiwa amekosea. Nilikumbuka alivyosita na ile steki, nikaumia mahali ambapo sikujua pana maumivu.

"Ukajua, ukanituma mimi nikamnyamazishe."

"Nikakutuma wewe kwa sababu wewe unaweza. Si unasema hakuna anayekufikia?"

Alisema bila kejeli, kwa fahari ya mzazi. Kisha akainuka akaja karibu, akazungumza kwa sauti ya chini ile anayoitumia kwa mtoto mwenye homa.

"Sikiliza. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeugua. Nionyeshe mmoja."

"Bado."

"Desemba shule zinafungwa. Nitapumzisha kila kitu, nitasafisha matangi yote, tutaanza upya. Mpaka Desemba tu. Ukinifungia sasa, mbegu ya babu yako imekwisha, na hawa wote wanaofanya kazi hapa, akina Tulizo na wenzake, nitawaambia nini? Kwamba mbwa wa Otmari hana hamu ya kula?"

Nimesikiliza waongo wengi katika kazi yangu, na mama mdogo hakuwa mmoja wao. Aliamini kila neno. Kama ungeelekeza bangili yake kwenye maneno yale ingewaka kijani mpaka ikuchome macho. Na mimi, niliyekula kwa bangili hizo miaka yote, ndipo nilipoona kinachonisumbua: zinapima kama unaamini. Mtoto anayekula nyama ile haokolewi na imani ya mtu.

"Imwage hiyo nyama wewe mwenyewe," nikasema. "Leo. Uwaambie watu kwa mdomo wako. Ukikiri mwenyewe wanakuelewa haraka."

"Siwezi."

"Basi nitasema mimi."

"Wewe nani? Mkaguzi?"

"Mteja. Nina nyota zangu tano pale juu, niliziweka siku ubao unatundikwa. Naweza kuzibadilisha."

Akacheka, kicheko kifupi. "Maoni ya ndugu hayana uzito. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ya kusifu hayana. Ya kulaumu yana uzito kuliko yote. Waliotunga sheria waliona hakuna anayemlaumu mama yake kwa furaha."

Hilo hakuwa analijua. Nilimwona akilipima, kisha akakunja mikono kifuani na kuinua kidevu, na nikakitambua kidevu kile kwa sababu ninacho.

"Haya, sema. Nikuone. Mkono utakutetemeka, itawaka nyekundu. Wewe hunichukii."

"Sikuchukii, mama mdogo. Hata kidogo."

Mkono ulikuwa unatetemeka kweli. Nikaiwasha simu kwa mkono wa pili, nikauinua ule wenye bangili hivyo hivyo unavyotetemeka. Machozi yalikuwa yameshaanza, na kama ningekuwa namshauri mteja ningemwambia asubiri, anywe maji, mwili wake hauko tayari. Sikusubiri.

"Mimi, Gaudensia Kihwele, nabadilisha maoni yangu," nikasema. "Nyama ya bucha hili haipumzishwi. Watoto wasiile mpaka itakapopumzishwa. Mwenye bucha ni mama yangu mdogo. Nampenda, na bado nasema wasiile."

Bangili ikawaka kijani.

Haikusita hata sekunde moja. Kule mbele ubao ulilia ule mlio wake wa kubadilisha namba. Kisha laini ya kushoto ikazimika. Tangi la kwanza likanyamaza, la pili, la tatu, na kelele iliyonilaza utotoni ikabaki nusu. Katika ile nusu iliyokosekana tulisikia maji yakidondoka kwenye bomba, na pumzi zetu.

Mama mdogo alikwenda kwenye tangi la kwanza upande wa kushoto, akaliwekea kiganja kama anavyoniwekea mimi kwenye paji la uso. Nilikuwa nalia wazi sasa, na sikuona sababu ya kujificha. Ningefanya tena. Nilijua hilo kwa uhakika, hata nilipoyaona mabega yake yameshuka namna ile.

"Umeniua," akasema.

"Hapana, mama mdogo."

"Wewe si ndiye bingwa?" Bado alikuwa amenipa mgongo. "Wewe ndiye wa kubadilisha mioyo ya watu. Haya, niambie. Wako unabadilishwaje?"

Lilikuwa swali la kweli, la mwenye biashara kwa mteja mwenye kinyongo, na alistahili jibu la kweli.

"Nipikie nyama iliyopumzika," nikasema. "Nitaila pale mbele, kila mtu ananiona. Kisha nitasema tena, na itawaka kijani tena."

"Kwa mbegu gani?" Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na yamewaka hasira. "Mbegu iko humu. Humu, kwenye hili la kwanza. Ulipofungua mdomo ulijua iko kwenye laini gani?"

Sikujua. Nikasogea mpaka kwenye lile tangi.

"Inakaa muda gani ikipoa?"

"Mpaka usiku uingie. Labda."

"Tuihamishe. Upande wa kulia bado kuna umeme."

"Upande wa kulia kumejaa."

"Kumejaa nini?"

Aliyaonyesha matangi kwa kidevu. Ilikuwa nyama ya shule, matangi matatu yaliyotimia, ya kupakiwa asubuhi. Ile mbegu ilihitaji tangi moja lenye joto, na tangi lenye joto lilikuwa na chakula cha watoto wa mji. Ningeweza kumshawishi. Maneno yote nilikuwa nayo, ni kazi yangu, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, kwa sababu moyo ule haukuwa wa kubadilishwa na mimi.

Mama mdogo alisimama katikati ya matangi, kushoto kimya, kulia kelele. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akajifuta nacho uso mzima taratibu, akakifunga upya na kukikaza. Kisha akachukua spana ndefu ukutani, akapita mbele yangu bila kunigusa, akapiga magoti kwenye tangi la kwanza la kulia, akaishika koki ya chini kwa mikono miwili.

Ilikuwa ngumu. Alisukuma mara moja ikagoma, akasukuma tena na uzito wake wote. Uji ukatoka kwa kishindo, wa waridi, wa vuguvugu, ukatapakaa sakafuni mpaka ukutani. Hakunitazama. Alikuwa ameshasogea kwenye tangi la pili, spana mkononi, na kwa mbegu koki ile haikuwa ya lazima kuifungua, wala ya tatu: asubuhi hakuna nyama ambayo ingekwenda shule.

"Vua viatu," akaniambia. "Vitaharibika."